Mvinyo Usio na pa Kujificha

Hapa Nkololo, kijiji cha mkoa wa Simiyu, tunakutana na mvinyo kwa nadra, na karibu kila mara tunaukuta mtamu. Ipo divai ya altareni, ambayo waumini wengi huiona kwa mbali tu padre anapoinua kikombe. Lipo dompo la kwenye harusi na kipaimara. Na pamba ikilipa vizuri, zipo chupa zinazoletwa kutoka Bariadi mjini zimeviringishwa gazeti ili zisigongane kwenye bodaboda. Mvinyo mweupe mkavu ukijichomeka katikati ya hizo, mnywaji hukunja uso, hugeuza chupa atazame tarehe, kisha huuliza kwa upole kama haujaharibika.

Haujaharibika. Ndivyo alivyokusudia aliyeutengeneza, na kuufikisha hapo ni kazi kubwa kuliko kutengeneza ule mtamu. Sukari hufunika mengi: zabibu zilizochumwa kabla ya wakati, kishada kilichoanza kuoza pembeni, tangi lililopata joto usiku mmoja. Mvinyo mwekundu nao una maganda yanayoupa rangi na ukakasi, na mara nyingi una pipa la mbao la kuutuliza. Mweupe mkavu hauna hata kimoja kati ya hivyo. Kosa lolote la shambani au kiwandani linakaa wazi kwenye glasi, na hata asiyejua kulitaja atalisikia ulimini. Kwa hiyo nawaheshimu wanaoutengeneza, na zaidi wale wa Dodoma, wanaoutengeneza mahali ambapo vitabu vya kilimo cha mizabibu visingewashauri hata kujaribu.

Hapa kijijini aliyenielewa mapema kuliko wote ni mama mmoja anayepika pombe ya mtama. Kazi yake nimeitazama sana. Huuloweka mtama, huufunika kwa magunia mpaka uote, huuanika juani, huusaga; hicho ndicho kimea. Mtama wenyewe ni wanga, na chachu haiwezi kula wanga. Kimea ndicho chenye vimeng'enya vya kuugeuza kuwa sukari. Akikichanganya na uji uliopoa kiasi, uji unalegea na kuwa mtamu, na hapo tuna togwa, hata mtoto anapewa. Akiuacha uendelee, chachu inaila ile sukari, inatoa kileo na gesi, povu linapanda, utamu unaondoka. Saa ya kuchuja anaijua kwa kutega sikio kwenye mtungi na kwa kuonja. Akiwahi, wateja watamwambia amewauzia togwa. Akichelewa, ana siki.

Nilimpelekea glasi ya mvinyo mweupe wa Dodoma, mkavu, uliopoozwa. Nikamwamkia, akaitika, akanusa, akaonja, akakaa nayo mdomoni kidogo.

"Baba, hii imekula sukari yake yote," akasema. "Aliyeipika hakuwa na haraka."

Kisha akaniambia nikija tena nimletee dompo.

Maneno yake ni sahihi kabisa hata kwa kipimo cha maabara. Maji ya zabibu zilizoiva vizuri yanaweza kuwa na gramu 200 za sukari katika lita moja. Kila gramu 17 hivi zinazoliwa na chachu huzaa asilimia moja ya kileo, kwa hiyo lita hiyo inaishia karibu na asilimia 12. Ulaya, mvinyo wa kawaida huitwa mkavu ukibakiwa na gramu zisizozidi 4, au kidogo zaidi ikiwa uchachu wake ni mkubwa. Zabibu haihitaji kimea, kwa sababu sukari yake iko tayari ndani ya tunda. Hilo linaonekana kama kurahisishiwa kazi, lakini matokeo yake ni kwamba karibu kila kitu kinaamuliwa shambani, kabla tunda halijakatwa.

Na shamba lenyewe liko Dodoma. Mizabibu ya mvinyo imezoea nchi zilizo kati ya nyuzi 30 na 50 za latitudo, kaskazini au kusini, ambako baridi ya miezi kadhaa huilaza usingizi na joto la majira mapya huiamsha. Dodoma iko karibu na nyuzi 6 kusini ya ikweta. Kinachoisaidia ni mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, usiku wenye ubaridi, udongo wa kichanga usiotuamisha maji, na mvua chache zinazokuja Desemba na kukatika Aprili. Historia inayosimuliwa huko inaanzia Bihawana, misheni iliyo nje kidogo ya mji, ambako wamisionari wa Kiitaliano walipanda mizabibu miaka ya 1950. Wapasionisti kutoka Italia walikuwa wamekabidhiwa eneo la Dodoma tangu 1935, na padre asiye na divai hawezi kuadhimisha misa. Sheria ya Kanisa inataka mvinyo halisi wa zabibu, usioharibika. Baadaye serikali ikaingia na kiwanda cha DOWICO na kituo cha utafiti cha Makutupora, ambacho leo kiko chini ya TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Waitaliano wakarudi safari hii kama wawekezaji, wakajenga kiwanda cha CETAWICO huko Hombolo. Chinangali pakawa na shamba kubwa la umwagiliaji wa matone. Historia hiyo ni ndefu na ina migogoro yake, lakini mimi kinachonivuta ni mkasi.

Kwetu Simiyu mkulima wa pamba akishavuna, hung'oa mashina na kuyachoma ili wadudu wasipate pa kulala mpaka msimu ujao. Kila mwaka anaanza upya na mbegu. Mkulima wa zabibu anabaki na shina lilelile miaka na miaka, na kwa kuwa Dodoma haina baridi ya kulilaza, yeye ndiye anayelilaza. Baada ya mavuno anapunguza au kukata maji kwa wiki kadhaa. Majani yanachakaa, mmea unatulia. Halafu anaingia na mkasi na kuondoa karibu kila kilichoota msimu uliopita, akibakiza vijiti vifupi vyenye macho mawili au matatu. Ukisimama karibu wakati huo, mizizi ikiwa tayari imeamka, unaona tone la maji safi likijikusanya kwenye kila kidonda, linaning'inia, linaanguka, linafuatwa na jingine. Mgeni hudhani mmea unakufa. Baada ya siku chache jicho linavimba, linapasuka na kutoa manyoya ya rangi ya waridi iliyofifia, na jani la kwanza linajikunjua.

Kuanzia mkasi mpaka kishada kilichoiva ni kama miezi minne. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Jambo hilo linapatikana sehemu chache sana duniani. Bonde la mto São Francisco kule Brazili ni mojawapo. Mtu akisikia mavuno mawili hufikiria faida mara mbili. Mimi hufikiria hukumu mara mbili. Mkulima wa Ulaya huamua mara moja kwa mwaka ni macho mangapi abakize kila shina. Wa Hombolo anaamua mara mbili, na kila mara akibakiza mengi mno, shina linazaa vishada vingi vyenye maji mengi na ladha kidogo. Akibakiza machache mno, hana cha kuuza.

Zabibu nyeupe inayotegemewa zaidi kwa mvinyo huko ni Chenin Blanc, asili yake bonde la mto Loire nchini Ufaransa, na Afrika Kusini imeilima kwa karne nyingi. Ilichaguliwa kwa sababu nzuri. Joto huunguza uchachu wa zabibu. Kadiri tunda linavyoiva juani ndivyo sukari inavyopanda na uchachu unavyoshuka, na mvinyo mweupe usio na uchachu hauna uti wa mgongo. Chenin hushikilia uchachu wake hata pale penye jua kali. Tatizo lake ni kwamba punje zake zimebanana sana katika kishada na ganda ni jembamba, kwa hiyo mvua ikinyesha karibu na mavuno, punje moja iliyopasuka ya ndani inaozesha jirani zake kabla hujaona chochote kwa nje. Mchumaji mzuri haangalii kishada tu. Anakigeuza, anakipanua kwa kidole gumba, ananusa.

Siku ya kuchuma nayo ina hesabu zake. Kipimo kidogo chenye kioo hudondoshewa tone moja la maji ya zabibu na kusoma sukari. Lakini kipimo hakisomi ladha. Wenye uzoefu hutafuna pia mbegu: ikiwa ya kijani na yenye kukwaruza ulimi, tunda bado, ikiwa ya kahawia na inavunjika kama njugu, limefika. Kwa mvinyo mkavu mweupe huwezi kusubiri sana, maana siku tatu za ziada juani zinaweza kula uchachu wote. Kazi huanza alfajiri, makreti hufika kiwandani kabla jua halijapata nguvu, na zabibu hukamuliwa mara moja ili maji yasikae na maganda. Mkono unaokamua kwa pupa hutoa ukakasi wa mbegu, na ukakasi huo hautoki tena.

Baada ya hapo, kazi ni ya kuzuia zaidi kuliko kutenda. Maji hupoozwa, huachwa usiku kucha takataka zitulie chini, yanahamishiwa tangi la chuma cha pua, chachu inawekwa. Chachu yenyewe hutoa joto inapofanya kazi, na ikiachwa huru katika mji ambao mchana hufika nyuzi 30, itamaliza kila kitu kwa siku chache na kupeperusha harufu zote nzuri juu pamoja na gesi. Fundi anaishikilia kwenye nyuzi kati ya 12 na 18, wiki mbili, pengine tatu. Anaonja kila siku. Siku za kwanza ni togwa. Kisha utamu na uchachu vinagombana, na mvinyo hauna adabu yoyote. Kisha utamu unaondoka na unabaki na kitu chembamba, chenye harufu ya tofaa bichi na asali isiyo tamu. Umeme ukikatika katikati ya hayo, fundi halali.

Sasa, mtu akipenda mvinyo wa namna hii, huambiwa upesi majina ya Kifaransa. Mimi ningemwelekeza Italia, na si kwenye majina makubwa. Italia ina mamia ya aina za zabibu za kienyeji, na nyingi za nyeupe zilidharauliwa mpaka zikakaribia kupotea. Huko kuna mambo ambayo mtu wa Simiyu, anayejua zao linavyoweza kutupwa kwa sababu ya bei, atayaelewa bila mkalimani. Timorasso ya vilima vya Tortona, jimbo la Piedmont, ilikuwa imebaki vipande vidogo tu katika miaka ya 1980. Wakulima walikuwa wameing'oa kwa kuwa inazaa bila mpangilio, wakapanda Cortese inayozaa bila matatizo. Walter Massa wa kijiji cha Monleale akaamua kuibakiza na kuitengeneza peke yake. Majirani wakafuata miaka baadaye. Pecorino ya upande wa mashariki wa Italia ilipatikana vivyo hivyo, mizabibu mizee milimani Arquata del Tronto, na Guido Cocci Grifoni akaishusha shambani kwake. Nosiola ya Trentino bado iko mikononi mwa wachache. Mivinyo ya zabibu hizi ina uchachu, ina ukavu, na haijafanywa mitamu ili ipendwe haraka.

Lakini unaonishangaza kuliko yote ni Asprinio, katika uwanda wa Aversa, kati ya Napoli na Caserta. Kule mzabibu haufungwi kwenye waya. Unapandishwa juu ya miti mirefu ya mpopla iliyo hai, unatandazwa kutoka mti hadi mti mpaka unakuwa ukuta wa kijani unaofika mita 15. Udongo ni wa kichanga cha volkano, na yule mdudu wa mizizi aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya karne ya 19 hawezi kuishi humo, kwa hiyo mizabibu ya Aversa husimama kwenye mizizi yake yenyewe bila kuunganishwa na shina la Kimarekani. Wakati wa mavuno, mchumaji hupanda ngazi nyembamba ndefu, iliyotengenezwa kwa kipimo chake yeye, anajikaza kwa goti ili mikono yote miwili iwe huru, na anajaza kikapu chenye kitako kilichochongoka. Kikapu hushushwa kwa kamba, na kile kitako kinachoma ardhi na kusimama chenyewe, hakipinduki. Mtu wa chini anakimwaga, kamba inarudi juu.

Nilipotazama picha za kazi hiyo nilijiuliza kwa nini mtu asikate miti na kuweka nguzo za zege kama wengine. Sehemu ya jibu ni kwamba chini ya ukuta ule wakulima walilima mazao mengine, na mzabibu ukaachiwa hewa. Nyingine iko kwenye glasi. Zabibu za juu kule haziivi zikawa za sukari sukari. Zinabaki na uchachu mkali ajabu, na mvinyo wake ni mwepesi, mkavu, wenye harufu ya ndimu. Wenyeji huunywa na jibini laini ya maziwa ya nyati, inayotengenezwa hapo hapo Aversa. Uchachu unakata mafuta, jibini inatuliza uchachu.

Asprinio hutengenezwa pia ikiwa na gesi, na hapo tunafika kwenye aina ninayoipenda zaidi: mvinyo unaochemka kidogo tu. Shampeni ina mgandamizo wa takriban bar 6 ndani ya chupa, ndiyo maana kizibo chake kimefungwa waya. Ule ambao Waitaliano huuita frizzante una kati ya bar 1 na 2.5. Hautoi mlipuko. Unachoma ncha ya ulimi, basi. Viwandani gesi hiyo hupatikana kwa kuuchachusha mvinyo mara ya pili ndani ya tangi lililofungwa, njia iliyobuniwa na Federico Martinotti wa Asti mwaka 1895. Lakini kwenye vilima vya Veneto kuna wakulima wanaoshikilia njia ya babu zao: wanatia mvinyo kwenye chupa na sukari kidogo, wanaiziba, chachu inaamka humo humo, inaila sukari, gesi inakosa pa kutokea, na machicha yake yanabaki kwenye kitako cha chupa. Wanauita col fondo. Una ukungu, ni mkavu kabisa, na baadhi ya wanywaji huutikisa kwanza, wengine huumimina polepole na kuyaacha machicha chini. Huku kwetu ugomvi huo tunao siku zote juu ya kibuyu, na hakuna aliyewahi kuumaliza.

Dodoma sijui kwa nini isijaribu. Chenin Blanc hutengenezewa mvinyo wa gesi kwao kabisa, bonde la Loire, kwa sababu ya uchachu wake ule ule. Mkulima mdogo wa Mpunguzi au Mvumi leo huuza zabibu, au akiwa na vyombo huuza mchuzi wa zabibu kwa kiwanda kikubwa, na malalamiko ya kukosa soko yamekuwa yakirudi kila mara: zabibu zimeiva, wanunuzi hawaonekani, na zabibu hazisubiri. Mvinyo wa kuchemka kidogo ndani ya chupa hauhitaji tangi la gharama. Unahitaji chupa imara, usafi wa kupindukia na mtu mwenye moyo wa kupima sukari kwa gramu, kwa sababu akizidisha chupa zitapasuka usiku. Si kazi ya kila mtu.

Kuhusu chakula sina shaka. Mvinyo mweupe mkavu wa Dodoma na sato wa kukaanga kutoka Ziwa Viktoria, chumvi na ndimu, ugali wa mtama pembeni. Na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yaliyopikwa kwa karanga, ambayo yana utamu wake mzito, yanauhitaji kuliko hata samaki. Nyama choma ya ng'ombe naiachia mwekundu. Na usiunywe ukiwa na joto la dukani. Kama hakuna friji, chupa ifungwe kitambaa kilicholowa na iwekwe penye upepo kivulini. Maji yakikauka yanaondoka na joto.

Ninachowadai mafundi wa Dodoma ni jambo moja dogo. Mvinyo wa Februari umeiva mvua zikinyesha, ukungu ukisumbua majani, maji yakiingia kwenye punje. Wa Agosti umeiva katika ukavu, usiku wa baridi ya kipupwe, kwa maji ya kumwagilia yaliyopimwa. Hiyo ni mivinyo miwili, hata kama shina ni moja na mkasi ni mmoja. Waandike mwezi wa mavuno kwenye chupa, kwa herufi zinazosomeka, ili mnunuzi wa Bariadi aweze kununua zote mbili na kuzionja mezani siku moja. Mimi ningezibua ya Agosti kwanza, maana nadhani ndiyo yenye uchachu uliosimama, lakini ningependa kubishiwa na mtu mwenye chupa mkononi.